Nani Aliyaua Masundosundo?

Mikono yangu ilijulikana Kyimo kabla sura yangu haijajulikana. Nilikuwa mke mpya, mwalimu wa bayolojia niliyetoka Singida na kupangiwa shule hapa Tukuyu, na vidole vyangu vilikuwa vimejaa masundosundo. Si moja la kufichwa chini ya pete. Mkono wa kulia yalipanda kutoka kwenye kucha hadi kwenye vifundo, na wa kushoto yalikuwa yameshika gumba lote na pembeni ya kiganja, magumu, ya kijivu, yenye vichwa vilivyochanikachanika. Lilianza moja tu nikiwa chuoni, nalo lilikaa kwa adabu miaka yote ile. Haya mengine niliyaongeza mwenyewe kwa kiherehere.

Kwetu ndizi ni tunda. Unaimenya kwa vidole, unakula, unatupa ganda. Hakuna aliyeniambia kwamba kuna ndizi ya kushikwa kwa kisu na kwa akili. Siku ya kwanza mume wangu aliponipeleka kijijini Kyimo kwa mama yake, nilikuta mkungu mzima wa ndizi mbichi umeegeshwa jikoni, nikasema moyoni, leo watanijua. Sikupaka mafuta mikononi. Sikuweka beseni la maji karibu. Nilimenya mkungu ule kuanzia chane ya kwanza hadi ya mwisho, utomvu ukinichuruzikia, kisu kikiteleza na kunichubua, na nilipomaliza mikono ilikuwa myeusi kama ya fundi wa magari. Wakwe walicheka mpaka wakashikana mabega. Nilicheka nao, maana mkungu nilikuwa nimeumaliza, na hilo hakuna aliyeweza kulikataa.

Miezi ikapita, weusi ukatoka, na palipokuwa na michubuko yakaanza kuota masundosundo. Sikuhitaji daktari wa kunieleza. Sundosundo huletwa na virusi; vinaingia pale ngozi ilipokwaruzwa, na mimi nilikuwa nimevitembeza kwa kisu changu kutoka kidole hadi kidole kama mtu anayepanda maharage. Na mambo hayo ndiyo ninayofundisha. Mume wangu alisema angalau nimepanda kwa mistari.

Kyimo kukiwa na shughuli, wanawake hukaa kuzunguka beseni. Ni beseni kubwa la maji, kila mmoja anamenya na kutumbukiza ndizi mle zisije zikawa nyeusi, na mikono yote inaingia na kutoka katika maji yale yale. Hapo ndipo habari zote zinapotolewa: nani anaoa, nani kamwaga chai ya mkwewe, ng'ombe wa nani kazaa mapacha. Msimamizi wa beseni katika ukoo wetu ni shangazi yake mume wangu. Ni mwanamke mrefu, mwimbaji wa sauti ya kwanza kanisani, aliyeishi Mbeya mjini miaka mingi na kurudi na Kiswahili kilichonyooka kama rula. Masufuria yote ya ukoo yanamtii.

Pasaka ile nilikwenda kwenye beseni na kisu changu mwenyewe, mafuta nimepaka, nimejifunza. Shangazi akaniangalia mikono, kisha usoni, akatabasamu.

“Mwalimu, wewe njoo ukae na wageni. Una lugha nzuri.”

Nikaenda nikakaa na wageni, nimevimba kichwa. Kwenye ubatizo uliofuata aliniambia niwasomee watoto neno. Kwenye msiba kule Suma nilipewa mikoba ya watu niishike. Hapo, nikiwa nimekaa na mikoba kama fundi anayengoja wateja, ndipo nilipoelewa. Walikuwa hawataki mikono yangu katika maji ya chakula chao. Hakuna aliyenitukana. Laiti wangenitukana, maana mimi nina mdomo, ningejibu. Utamjibu nini mtu anayekusifu lugha?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe langu lilikuwa lile beseni, nami nililililia nyumbani Bulyaga kama mtoto. Wifi yangu alikuwa anaolewa mwezi wa nane. Wakwe zake wangekuja kutoka mbali, na mbalaga ya siku ile, zile ndizi zinazopikwa na nyama mpaka zinalainika, ingemenywa na wanawake wa nyumba. Mkwe wa kike katika nyumba ile nilikuwa peke yangu. Kama mimi ningeonekana tena na mikoba ya watu, kila mtu angejua kwamba bado ni mgeni, na mimi ningejua zaidi yao. Sijawahi kutaka cheo kama nilivyotaka nafasi kwenye beseni lile.

Mama mkwe hakuwahi kulizungumzia jambo hilo. Ni mwanamke mdogo wa umbo, mjane, anayeongea kidogo na kusikiliza sana, na Kiswahili chake kina mlio wa Kinyakyusa: “r” inakuwa “l”, “z” inakuwa “s”, nami mpaka leo naupenda mlio huo kuliko redio. Kila Jumamosi nilipofika kutoka Bulyaga, mara nyingi nimelowa, maana mvua ya Tukuyu haimwulizi mtu anakwenda wapi, aliniita jikoni.

“Mwanangu, njoo tumenye.”

Tulikaa juu ya vigoda viwili, beseni moja dogo katikati, maji ya baridi kali. Nilidhani ananiita kwa sababu hana mwingine wa kumsaidia, wifi akiwa kazini Mbeya. Jumamosi ya kwanza kabisa nilimweleza ukweli, maana sitaki mambo ya kufichana.

“Mama, haya yanaambukiza. Yanapita kwenye michubuko, na hata kwenye maji haya. Heri uwe na beseni lako.”

“Yanaambukisaje?”

Nikaona nafasi. Mwalimu akiulizwa “je” hana tena adabu. Nilimweleza kwamba mwili umejengwa kwa seli, na kila seli ni kama nyumba yenye jiko lake. Virusi havina jiko. Vinaingia katika nyumba ya mtu, vinakalia jiko, vinaanza kupika chakula chao, na mwenye nyumba anageuzwa mpishi wao.

Akatumbukiza ndizi majini. “Na mwili unakaa tu unaangalia?”

“Hauangalii. Una askari. Wapo wa namna nyingi, lakini hawa ninaowapenda mimi wanaitwa seli T, zile zinazoua. Wanazunguka kwenye damu na kwenye nyama za mwili wakipita nyumba kwa nyumba.”

“Wanaingia ndani?”

“Hawaingii, mama.”

Akaacha kumenya. “Askali haingii ndani, sasa atamjuaje mwisi?”

Nimefundisha miaka mingi, nimekaguliwa na wakaguzi wenye miwani, na sijapata swali zuri kuliko hilo. Nikamwambia ndiyo maajabu yenyewe. Kila seli, usiku na mchana, inachukua kipande kidogo cha kila kinachopikwa ndani, inakiweka kwenye kisahani, na kukitoa nje mlangoni. Askari anapita, anaonja. Maharage, sawa, ya hapa. Maziwa, sawa. Anakwenda. Nyumba iliyotekwa na virusi nayo inatoa sahani, maana ni desturi yake, na kwenye sahani hiyo kuna chakula kisicho cha kwetu.

“Nyumba inajisema yenyewe,” akasema.

“Inajisema yenyewe.”

Alilifikiria jambo hilo mpaka ndizi zikaisha. Kisha akaniuliza kwa nini basi askari wangu hawajaonja chochote mkononi mwangu mwaka mzima. Nilimwambia nitamletea jibu Jumamosi ijayo. Na lile beseni la pili hakulitafuta. Nami nikadhani amesahau.

Wiki ile nililipeleka somo darasani kwa kidato cha nne. Vitabu vyetu ni vya Kiingereza na mchoro wa seli ni duara lenye mishale, na wanafunzi huukariri bila kuuamini. Nikawaambia wafunge vitabu. Kila mmoja aandike kwenye kikaratasi chakula kinachopikwa kwao, akiweke kiganjani, anyooshe mkono. Darasa likajaa mbalaga, maharage, magimbi, ugali na maziwa mgando. Mmoja nilimnong'oneza aandike pweza, mnyama wa baharini ambaye sidhani kama amewahi kupikwa Rungwe nzima. Huyo ndiye nyumba iliyotekwa. Kisha nikachagua askari, na kila askari nikampa neno moja tu la kutafuta. Wa kwanza alipewa ngamia, wa pili kaa, wa tatu konokono, wa nne pweza.

Wakaanza kupita. Wa ngamia alipita madawati yote na hakuona ngamia. Wa kaa hivyo hivyo. Wa pweza alifika dirishani, akasoma kiganja, akasimama kama aliyeona nyoka. Nilikuwa nimewafundisha kitu cha kufanya: unamshika bega, unajibana naye, unatoboa ukuta wa nyumba yake tundu dogo, na kupitia tundu hilo unapitisha agizo. Hupigi kelele wala huchomi nyumba, maana ukiichoma, moto utakula na majirani. Agizo ni moja, zima jiko, jibomoe mwenyewe. Seli inalitii. Inajikatakata ndani kwa ndani, inajifunga vifurushi, wasafishaji wanakuja kuvichukua, na askari yule yule, mzima, anakwenda kutafuta nyingine. Msichana aliyekuwa na pweza alijikunja polepole chini ya dawati kwa madaha kiasi kwamba darasa lilimpigia makofi. Aliyekaa jirani yake, mwenye magimbi, hakuguswa hata ukucha.

“Mwalimu,” akasema wa ngamia, amenuna, “mimi sijapata kazi.”

“Utakaa na ngamia wako mpaka uzeeke. Lakini siku virusi vya ngamia vikija, sisi wote humu tutakutegemea wewe. Na ukimpata wa kwanza utazaa wenzako, mtakuwa maelfu, wote wa ngamia.”

Akanyooka mgongo papo hapo. Kulikuwa na msichana wa nyuma, mkimya, aliyefumba kiganja. Akauliza je, kama nyumba haitoi sahani kabisa? Nilimpenda siku hiyo. Nikawaambia ndivyo zinavyofanya baadhi ya seli za saratani. Seli ya saratani si mgeni. Ni wa hapa hapa nyumbani aliyeharibikiwa, anaanza kupika vibaya na kuongezeka bila mpango. Sahani yake ikionyesha chakula kilichoharibika, askari wa seli T wanamkamata mapema, pengine mara nyingi maishani mwetu bila sisi kujua. Nyingine ni janja, zinaondoa sahani mlangoni. Kwa hizo kuna askari wengine, ambao mlango usio na kitu ndio unaowatia shaka. Na bado zipo zinazowapita wote wawili, ndiyo maana kuna hospitali.

Mwingine akasema walichanjwa shule ya msingi, wasichana tu, wakaambiwa ni ya saratani. Nikamwambia virusi vya sundosundo langu vina ndugu zao wabaya wanaoleta saratani ya mlango wa kizazi, na chanjo ile inauonyesha mwili sura ya hao ndugu mapema, ili vikija vizuiwe mlangoni kabla havijakalia jiko. Wasichana wakatazamana kwa majivuno, kama watu waliogundua kwamba wana mali ambayo hawakujua wanayo.

Kisha likaja lile ambalo nililijua litakuja. “Na mikono yako, mwalimu? Askari wako wako wapi?”

Niliinua mikono yote miwili, maana kufichaficha kulikuwa kumenichosha. Nikasema virusi hivi ni vijanja kwa namna yake. Vinakaa juu kabisa ya ngozi, ambako damu haifiki, vinapika polepole, havivunji kitu, havipigi kelele. Ili askari waamke, lazima kwanza mpeleka habari achukue kipande cha chakula kigeni kutoka kwenye ngozi, akipeleke kwenye tezi, zile za kwapani, huko ndiko askari wanakokusanyika, na akionyeshe mpaka apatikane yule mmoja anayekijua. Huku kwangu kulikuwa shwari mno. Hakuna mpeleka habari aliyeona la kupeleka. Jibu hilo ndilo nililompelekea mama mkwe Jumamosi, naye akasema, “Kwa hiyo wamelala.”

Shangazi alikuja na hukumu yake mwezi wa tano. Alikuta tunamenya, akasimama mlangoni, akasema dawa ya masundosundo inajulikana tangu enzi za bibi zake, ni utomvu wa ndizi changa, unakwaruza kidogo, unapaka kila jioni, unaacha ukauke. Alisema kwa upole wote, na mimi nikapandisha hasira kwa sababu hiyo hiyo. Nikasema utomvu ndio ulionitia matatizoni. Nikasema hakuna ushahidi. Nikasema mengi, na mume wangu, aliyekuwa ametuletea maparachichi kutoka kwa wakulima anaonunua kwao, akaniuliza kwa sauti ya chini, “Ukipaka utapungukiwa nini?”

Hapo mwalimu aliye ndani yangu akapata wazo. Nikakubali, kwa sharti moja: nitapaka mkono wa kushoto peke yake. Wa kulia ubaki kama ulivyo, usiguswe, tuone.

Shangazi akanitazama kutoka juu. “Unaupima utomvu wetu?”

“Ndiyo, shangazi. Naupima.”

“Basi pima. Lakini paka vizuri, usije ukapaka kwa chuki.”

Nilipaka vizuri. Kila jioni nilikwaruza kidogo, nikapaka, nikakaa na mkono wa kushoto hewani nikisahihisha madaftari kwa wa kulia. Darasani kukaundwa vyama viwili bila mimi kuwaomba, chama cha utomvu na chama cha askari, na kila Jumatatu kabla ya somo ilinibidi ninyooshe mikono mbele yao kama mtuhumiwa. Wiki za mwanzo hakuna kilichotokea. Chama cha askari kikaanza kuimba. Halafu mkono wa kushoto ukaanza kuwasha. Ukawa mwekundu, ukavimba kuzunguka yale masundosundo, na kwapani kulia kukiwa kimya, kushoto nilihisi tezi imenenepa. Chama cha utomvu kikaruka juu ya madawati, nikawafukuza nje nikiwa nacheka. Kwenda zahanati nilikwenda. Mganga akapapasa, akasema hakuna usaha, niache kukwaruza. Nikaacha na utomvu vilevile.

Mwezi wa saba Tukuyu ni baridi, ukungu unashuka mpaka kwenye chai, na mtu haangalii mikono yake maana imo ndani ya sweta. Nilikuwa nafua siku moja mchana, maji yamevilainisha vidole, nikasugua gumba la kushoto na kitu kikabaki kwenye sabuni. Kikavu, cheusi, kama punje ya pilipili manga. Nikatazama gumba. Yote yalikuwa yamegeuka meusi, yamesinyaa, yanatoka kwa kucha bila maumivu. Nikashangilia. Kisha nikautoa mkono wa kulia majini, ule ambao haujaonja utomvu hata tone, na nao yalikuwa meusi. Yote, ya kucha, ya vifundo, yale ya zamani na yale ya juzi, yamekufa kwa pamoja kama waliopata agizo moja.

Nilikaa chini kwenye mawe, nguo zimeelea, nikacheka peke yangu mpaka jirani akaja kuuliza. Nimesoma jambo hilo, nimelifundisha, nimelichora ubaoni na kulifuta mara nyingi. Lakini sikuwahi kuliona likitendeka juu ya ngozi yangu. Mtu mmoja mdogo asiye na macho, ndani yangu, alikuwa ameonja kisahani akasema hiki si cha kwetu, akazaa wenzake, nao wakanipita mlango kwa mlango, wakizima majiko. Na ngozi iliyobaki chini ilikuwa laini, ya waridi kidogo, nzima, bila hata kovu.

Jumamosi tulikuwa na baraza kamili jikoni Kyimo: mama, shangazi, mume wangu aliyejifanya amekuja kuchukua ndizi, na mimi na mikono yangu juu ya meza. Shangazi aliikagua kidole kwa kidole, akaipindua, akairudisha.

“Utomvu,” akasema.

“Shangazi, huu wa kulia haukupakwa.”

“Utomvu umepita kwenye damu.”

“Utomvu haupiti kwenye damu. Walipita askari.”

“Nani aliwaita?”

Mume wangu akatazama paa. Ukweli ni huu, na mimi nikisema naufuata ukweli lazima niuseme hata ukininyima ushindi: kukwaruza na kupaka kule kuliwasha ngozi ya mkono wa kushoto, na ngozi iliyowashwa ndiyo inayoleta wapeleka habari. Huenda walichukua kipande pale kwenye gumba, wakakipeleka kwapani, askari wakaamshwa, na askari wakiamshwa hawaulizi mkono gani umepakwa. Wanatoka na damu wanakwenda kokote kuliko na sahani ile. Na huenda pia si hivyo. Masundosundo mengi hufa yenyewe siku askari wanapoamua kuamka, na mkono mmoja wa mwalimu mmoja hauthibitishi kitu. Niliwaeleza yote mawili.

“Kwa hiyo hujui,” akasema shangazi, kwa furaha kubwa.

“Aliyeyaua najua. Aliyewaamsha sijui.”

“Sisi tunajua,” akasema, akainuka. Mlangoni akageuka. “Harusi ni wiki ya tatu ya mwezi ujao. Uje na kisu chako.”

Siku ya harusi nilifika alfajiri na kisu changu na chupa ya mafuta. Mikungu ilikuwa imelazwa uani kama watu waliochoka, moshi umeshaanza, na beseni kubwa lilikuwa mahali pake limezungukwa na wanawake wamejifunga vitenge sare. Shangazi alisogea, akapiga kigoda kwa kiganja. Nikakaa kati yake na mama mkwe. Nilipaka mafuta, nikachukua ndizi, nikakata ncha, nikapasua ganda kwa mgongo wa kisu, nikasukuma kwa gumba, nikatumbukiza. Mikono yetu ikagongana majini. Nilifurahi kiasi ambacho hata kukisema naona haya. Nilisikia kwamba ng'ombe wa fulani kaingia kanisani, nikasikia nani anamtaka nani, na hakuna aliyenisifu lugha.

Jua lilikuwa limeshachomoza nilipoona kidole cha mama. Alikuwa anasukuma ganda, na pembeni ya kidole chake cha shahada, karibu na ukucha, kulikuwa na kitu kidogo cha kijivu chenye kichwa kilichopasukapasuka. Nilikijua kabla sijakitazama vizuri. Niliishi nacho.

Shangazi naye alikuwa ameona nilichokuwa natazama. Kisu chake kikasimama. Wengine wakaona kisu cha shangazi kimesimama, na vyao vikasimama. Maji yakatulia. Nikawaza, sasa watamwinua mama kwenye beseni, siku ya harusi ya binti yake, kwa ajili yangu.

Shangazi aliangalia kidole kile muda, akaniangalia mimi, akachukua ndizi nyingine. “Kesho nitakuletea utomvu,” akamwambia mama.

“Achana nalo,” akasema mama. “Askali wangu wasee, lakini watafika.”

Beseni zima likacheka, visu vikaanza tena. Mimi sikucheka. Nilimwinamia.

“Mama, tangu lini?”

“Tangu mwesi wa sita.”

“Lakini ulijua. Nilikueleza mwenyewe kwamba yanaambukiza, Jumamosi ya kwanza kabisa. Nilikuomba utafute beseni lako.”

“Ulinielesa visuli sana.”

“Sasa kwa nini kila wiki ulitia mikono yako na yangu humo humo?”

Alinitazama kwa mshangao, kama anayemtazama mwanafunzi hodari aliyeuliza swali la darasa la kwanza.

“Ungemenya na nani?”

Ndizi zilikuwa bado nyingi, tukaendelea kumenya.